Lori limekamatwa na mbao: kabla mahakama haijalitaifisha

Malori mengi yanayotoka Mafinga na Njombe yamebeba mbao za mtu mwingine. Shehena ikipatikana na kasoro, mwenye gari hukaa nyumbani akidhani dereva atalipa faini, kisha gari lirudi. Hapo ndipo gari linapopotea. Faini na utaifishaji ni amri mbili tofauti. Mshtakiwa anaweza kulipa yote asubuhi hiyohiyo na lori likabaki mali ya Serikali.

Kwenye kizuizi cha ukaguzi, ofisa wa misitu hulinganisha hati ya kusafirishia na mzigo: namba ya gari, njia, aina ya mti, idadi ya vipande, alama ya nyundo (muhuri unaogongwa kwenye mbao). Hati ikisema vipande 400 vya inchi 2 kwa 4 na juu ya gari kuna 460, vile 60 havina kibali. Dereva ahesabu wakati wa kupakia. Akishafika kizuizini amechelewa.

Gari likishikiliwa, daini hati ya ukamataji mali yenye sahihi za mhusika na mashahidi, ukague namba ya chesisi. Ofisa akikupa nafasi ya kufifilisha kosa, yaani kulimaliza kwa malipo bila kwenda mahakamani, soma fomu yote kwanza: unakiri kosa kwa maandishi. Uliza waziwazi gari litaachiwa lini, na mbao zinakwenda wapi.

Kesi ikienda mahakamani, mwenye gari afike mwenyewe au kwa wakili, aombe kusikilizwa kabla ya amri. Aje na kadi ya gari, mkataba wa kukodisha na ushahidi kwamba hakujua wala hakushiriki. Tatizo kubwa ninaloliona ni kadi: gari limeuzwa mara mbili, kadi bado inasoma jina la mtu wa kwanza. Mahakama itamsikiliza nani? Kama kadi iko benki kwa mkopo, omba nakala iliyothibitishwa na barua ya benki, kwa sababu benki nayo ina maslahi.

Aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya hutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala za mwenendo wa kesi na hukumu hauhesabiwi. Mwenye gari ambaye hakushtakiwa aiombe Mahakama Kuu, Iringa au Mbeya, iite jalada la kesi na kukagua uhalali wa amri ya utaifishaji. Ombi la kusimamisha mnada wa gari liende siku hiyohiyo.