Je, wajua? Mahindi yenye ukungu mwingi si lazima yawe na sumu nyingi

Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, wengi Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 yakawakuta watu wa Dodoma na Manyara. Yote haya ni maeneo makavu. Ukungu si hupenda unyevu? Mbona basi balaa halikuanzia Bukoba, kwenye mvua za kila mara?

Ukungu wenyewe, Aspergillus flavus, huishi udongoni. Ukame ukibana, mhindi hudhoofika, punje hupasuka na wadudu huzitoboa, nao ukungu hupata pa kuingilia mazao yakiwa bado shambani. Mvua ikija wakati wa kuvuna na mahindi yakaingizwa ndani mabichi, kazi iliyobaki ni ndogo.

Kinachonishangaza zaidi ni joto. Ukungu huu huweza kuota kuanzia nyuzi 12 hivi hadi 48, na hustawi sana kwenye 35 hadi 37. Sumu, hata hivyo, huitengeneza zaidi kwenye nyuzi 28 hadi 30. Joto likifika 37, jeni zinazosimamia utengenezaji wa sumu hufifia huku ukungu ukiendelea kunawiri. Isitoshe, zipo aina za ukungu huohuo zisizotoa sumu kabisa. Kwa hiyo jicho halitoshi: punje iliyogeuka kijani yaweza kuwa na sumu kidogo kuliko nyingine inayoonekana safi. (Ya kijani itupe vilevile.)

Sumu ikishatengenezwa, kuiondoa ni kazi. Kuchemsha huua ukungu, sumu ikabaki; ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 268 hivi, na sufuria ya ugali haifiki huko. Kukoboa husaidia, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye kiini na ganda. Ndiyo maana dona huwa na hatari kuliko sembe. Lakini pumba hupewa ng'ombe, na sumu hurudi mezani ndani ya maziwa.

Maabara imeonyesha jambo la ajabu: ukungu ukizeeka, hasa nyuzinyuzi zake zikikatikakatika na hewa ikiwa tele, huanza kuivunja sumu yake mwenyewe. Asisubiri mtu muujiza huo ghalani.

Dawa ni kukausha mahindi mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Asiye na kipimo huweka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, akatikisa na kuziacha kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Shambani nako kuna Aflasafe: ukungu usio na sumu hutawanywa wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua, nao huwahi nafasi ambazo ule wenye sumu ungezichukua.