Kalmodulini ya binadamu iliyozalishwa na bakteria: dhibiti kalsiamu kwanza

Kalmodulini ni protini ndogo yenye asidi amino 148 na uzito wa takriban kilodaltoni 17. Ina vishikio vinne, na kila kimoja hunasa ayoni moja ya kalsiamu. Binadamu ana jeni tatu za kuitengeneza, CALM1, CALM2 na CALM3, na zote hutoa protini ileile. Kwa matumizi ya maabara, maelekezo ya jeni hupandikizwa kwenye bakteria Escherichia coli, nao huizalisha kwa wingi. Ni ya utafiti tu, haifai kutumiwa kama dawa.

Ikifika ikiwa unga mkavu, zungusha kichupa kwa sentrifuji muda mfupi kabla ya kukifungua, kwani unga hung'ang'ania kifuniko. Ongeza bafa (kimiminika kinachotuliza pH) hadi upate miligramu 1 kwa mililita, changanya taratibu bila kutoa povu, kisha igawe mafungu madogo ya matumizi ya mara moja na uyahifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Kuipima kwa mwanga wa nanomita 280 kunahitaji uangalifu. Asidi amino zinazofyonza mwanga huo zaidi ni triptofani na tairosini; kalmodulini haina triptofani hata moja, ina tairosini mbili tu, hivyo ufyonzaji wa miligramu 1 kwa mililita husomeka 0.18 hivi. Asiyelijua hili hudhani protini imepotea. Mabaki kidogo ya DNA nayo hupandisha namba hiyo kwa urahisi, kwa hiyo soma pia kwenye nanomita 260, ambako DNA hufyonza zaidi.

Lakini majaribio mengi huharibiwa na kalsiamu yenyewe. Maji, chumvi na vyombo vya kioo huingiza mikromola kadhaa bila mtu kujua, ilhali seli iliyotulia huwa na takriban mikromola 0.1 tu ya kalsiamu huru. Sampuli unayoiita "isiyo na kalsiamu" huenda tayari imenasa kiasi. Tumia vyombo vya plastiki, na uweke EGTA, kemikali inayonasa kalsiamu. Hapo napo pana mtego: EGTA ikinasa kalsiamu huachia protoni, pH ikashuka, na nguvu yake ya kunasa ikapungua sana. pH ikishuka kwa uniti moja karibu na 7, nguvu hiyo hupungua takriban mara mia. Rekebisha pH baada ya kuongeza kalsiamu, si kabla. Bafa ya fosfeti iepukwe kabisa, maana hufanya mashapo na kalsiamu.

Kuhakiki ni rahisi. Gawa sampuli mara mbili, moja uiwekee kalsiamu milimola 5, nyingine EGTA milimola 5, kisha ziendeshe kwenye jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa umeme. Yenye kalsiamu hukimbia zaidi, na mstari wake husimama chini ya mwenzake. Mistari ikilingana, kagua bafa kabla ya kukitupa kichupa.