Chai ya saa kumi na shuka la alfajiri

Kuna nyumba moja ya wazee hapa Moshi ambayo huwa naenda kama afisa lishe. Siku ya kwanza niliomba ratiba ya chakula, na nikaipenda: uji wa ulezi asubuhi, mchana wali maharage au kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) mara mbili kwa wiki, ndizi mbivu. Nikajiambia hapa kazi ni ndogo. Kisha nikaenda kukaa bwaloni saa ya kula.

Bibi mmoja aliwekewa bakuli la kiburu. Kiburu kikipoa kinaganda, na hiki kilikuwa kimeshapoa. Akachota kijiko, mkono ukatetemeka, ndizi ikamwangukia kwenye kanga. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakiweka kijiko chini na kusema ameshiba. Dada wa zamu akalibeba bakuli, na kwenye fomu akaandika: "Hana hamu ya kula."

Bibi yule alikuwa na aibu, na njaa pia.

Yule dada simlaumu. Walikuwa wahudumu wawili, na wazee wa kulishwa tisa. Kumlisha mtu anayemeza polepole bila kumpalia ni kama nusu saa, yeye ameketi wima na wewe umekaa, si kumsimamia kichwani. Piga hesabu: kwa watu wawili hiyo ni saa mbili na robo. Ndiyo maana wanakimbilia uji mwepesi, unanyweka haraka. Mzee wa kilo 50 anahitaji protini gramu 50 hadi 60 kwa siku, labda awe na ugonjwa wa figo ambao daktari amempangia vingine. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8. Uji wa maji na sukari hauna kitu. Utie maziwa na karanga za kusaga, nyama ya mtori uisage, maharage uyaponde. Laini isiwe na maana ya tupu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni vikombe. Saa kumi jioni, baada ya chai, vinakusanywa vyote, na hakuna anayepewa kinywaji tena mpaka asubuhi. Nilipouliza, niliambiwa waziwazi: usiku yuko mtu mmoja, mashuka yakilowa atayabadilisha na nani? Na mwezi wa saba hapa Moshi, shuka likifuliwa linakaa siku mbili kwenye kamba.

Sasa, kiu hupungua mtu anapozeeka, kwa hiyo mzee haombi maji hata mwili ukiwa mkavu. Mwanamke anahitaji vinywaji kama lita 1.6 kwa siku, mwanamume lita 2, isipokuwa kama daktari amempunguzia. Akinyimwa, choo kinakuwa kigumu, mkojo unaiva rangi, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inaingia, na usiku anaanza kuita ndugu waliokwishakufa. Watu wanasema ni uzee. Na yule mhudumu mmoja halali, kazi aliyoikwepa imemrudia mara mbili.

Nilishauri vinywaji vingi vitolewe asubuhi na mchana, chai ya jioni ibaki, kila mtu apelekwe msalani kabla ya kulala na tena usiku wa manane. Hayo yanataka mtu wa pili. Bila huyo, hata babu anayetembea mwenyewe anavalishwa pampasi, kwa sababu hakuna wa kumshika mkono hadi chooni.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitanguliza familia, makazi ya wazee yakaja mwisho. Kwa hiyo wanaotufikia mara nyingi ndio wasio na mtu, na idadi ya wahudumu ingepaswa kufuata hilo. Mimi huwapima kila mwezi: aliyepungua asilimia 5 kwa mwezi mmoja, au 10 kwa miezi sita, huyo siwaachii watu wa jikoni peke yao. Mzani ukikosekana, futi ya fundi cherehani kwenye shavu la mguu. Chini ya sentimita 31 naanza kuwa na wasiwasi.

Uongozi ulikubali zamu mbili ziwe kazini pamoja kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa. Bibi wa kiburu sasa anakaa na dada mmoja anayemsalimia shikamoo kwanza na kumshikia bakuli, kijiko anashika bibi mwenyewe. Bakuli linarudi jeupe. Jumamosi na Jumapili hela haikutosha. Nimezifungua fomu za Jumapili iliyopita: "Hana hamu ya kula."