Kwa nini tumbo huvimba angani baada ya mlo wa uwanja wa ndege?

Umeshakaguliwa, begi kubwa limeshakwenda, na muda wa kuita abiria bado. Mgahawa una viti vizuri, mhudumu anakuja na menyu. Unaagiza wali maharage, kabichi pembeni na soda baridi. Ndege ikishapaa, mkanda wa suruali unaanza kukubana, nawe unahisi umelishwa kiporo. Mara nyingi mpishi hana kosa lolote. Kilichobadilika ni hewa.

Ndege ikiwa juu, mitambo huijaza hewa ndani yake, lakini haiifikishi kiwango cha pwani. Kwa kawaida mgandamizo huweza kushuka hadi ule wa mlimani, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi. Robert Boyle alikwisha kueleza mwaka 1662 kwamba mgandamizo ukipungua, gesi hutanuka. Kwa aliyepandia Dar es Salaam, gesi iliyomo tumboni inaweza kuongezeka kwa karibu theluthi moja. Itazame pakiti ya krispi ndegeni: imetuna kabla hujaifungua. Na chupa ya maji uliyoifunga huko juu, ukitua Dar utaikuta imebonyea.

Ulikopandia ndege nako kuna uzito wake. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo gesi ya abiria wake huongezeka kama sehemu moja tu ya kumi. Wa Addis Ababa umepita mita 2,300. Anayepandia pale tumbo lake karibu halioni badiliko. Boeing 787 nayo hudumisha hewa ya kimo cha mita 1,800 hivi, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu wa pwani.

Sasa turudi kwenye maharage. Yana aina ya sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutoa gesi, kazi inayochukua saa kadhaa. Ukiyala Dar ukielekea Dubai, safari ya zaidi ya saa tano, gesi itakukuta bado uko angani. Ukielekea Unguja, dakika 20 hivi, kula bila wasiwasi, utakuwa umeshatua zamani. Soda haisubiri chochote: gesi yake imo tayari kwenye glasi.

Mimi ningeagiza wali samaki na chai, nile taratibu, maana anayekula harakaharaka humeza na hewa. Tena kula chini kuna faida nyingine: hewa kavu na mgandamizo mdogo wa ndegeni huufanya ulimi usiipate vizuri ladha ya chumvi na sukari, kwa hiyo mchuzi uleule ni mtamu zaidi kabla ya kupaa.

Na tumbo likishajaa, usijikunyate kitini. Gesi hutoka kwa urahisi zaidi mtu akitembea, kwa hiyo anayejijua ana tumbo la namna hiyo aombe kiti cha kando ya njia.