Faili la Sauti Halifubai kwa Kunakiliwa

Wiki hii tena, mwalimu wa kwaya kutoka Masasi aliyefika katika chumba changu cha kurekodi hapa Mtwara mjini aliikataa flashi niliyomwekea nyimbo zake, akisisitiza kwamba anataka "ile ya kwanza kabisa, fundi", kwa sababu nakala ya nakala huwa imeshafubaa. Hofu hiyo ni urithi wa kaseti, na kwa kaseti ilikuwa halali: kila uliporekodi kutoka kanda moja kwenda nyingine, mvumo uliongezeka na sauti kali zikafifia, hata kanda ya nne ikasikika kama kwaya inaimbia ndani ya gunia.

Faili la kidijiti ni mfuatano wa tarakimu, na kunakili ni kuziandika upya zilezile. Mbele ya mwalimu niliuhamisha wimbo mmoja kutoka kompyuta kwenda flashi na kuurudisha, mara kumi, kisha nikakokotoa alama ya uhakiki ya SHA-256, mfuatano mfupi unaobadilika hata biti moja ya faili ikibadilika, kwa faili la mwanzo na la mwisho. Herufi na tarakimu zote 64 zililingana. Aliitazama skrini, akasema la mwanzo lina besi zaidi.

Kinachoharibu sauti ni kuigeuza kuwa aina ya faili inayotupa sehemu ya sauti ili kubana nafasi, kama MP3. Dakika moja ya WAV, yaani faili lisilobanwa, ya stirio, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takriban megabaiti 10, ilhali MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki hata megabaiti 1, kwa kuwa programu imetupa sauti inazokadiria kuwa sikio halitazisikia. Anayeifungua MP3 hiyo, akaikata na kuihifadhi tena kama MP3, hutupa kwa mara ya pili, na madijei wetu wa harusi hufanya hivyo kila Jumamosi. Kuipandisha hadi kilobiti 320 ni kuongeza maji kwenye mchuzi.

Flashi ya bei kubwa haiongezi utamu wowote. Wimbo unaokatika katikati mara nyingi umetokana na flashi kuchomolewa kabla kazi haijaisha, au flashi yenyewe imechoka.

Wateja wangu nawaambia waondoke na WAV na kuihifadhi mahali pawili. Mwalimu aliichukua yake kwa furaha, nami sikumwambia kwamba nayo ni nakala.