Betri hazijui ukubwa wa jenereta yako

Juzi ameingia mteja mwingine karakanani kwangu Mikindani, jenereta ya kVA 5 (kwenye karatasi ni kama wati 5,000) ya fremu ya wazi nyuma ya gari. "Fundi, tunakwenda kupiga kambi Msimbati siku nne, nimenunua kubwa ili betri zijae chapchap." Huyu ni wa nne tangu korosho zianze kuokotwa. Sasa naandika, maana koo limenikauka.

Anayeamua kasi ni chaja. Nilimchomekea chaja yake mwenyewe kwenye jenereta lake, nikabana klampu mita (kipimo cha ampea) kwenye waya wa betri: ampea 9.6. Nikaihamishia kwenye kijenereta changu cha kVA 1: ampea 9.6. Injini yote ile inanguruma kwa ajili ya wati 170 hivi!

Na msiniambie habari ya lile tundu la volti 12 la jenereta. Kwa jenereta nyingi ndogo linatoa ampea 8 hivi, na halijui betri imejaa lini. Betri za mteja huyu ni mbili za asidi, Ah (ampea-saa) 100 kila moja. Zikishuka nusu, kwa tundu lile ni zaidi ya saa 12.

Kwa betri hizo nunua chaja ya ampea 40. Ampea 40 kwa volti 14.4 ni wati 576. Weka upotevu, inavuta karibu 680. Kwenye karatasi kVA 1 inatosha. Niliwahi kumwambia mtu hivyo, akafika kambini betri tupu, jenereta ikazidiwa ikakata. Chaja za bei rahisi zina pawa fakta mbovu, yaani zinaidai jenereta mkondo mwingi kuliko wati zinazotumia, na hesabu yangu haikuliona hilo. Siku hizi nasema kVA 2 ya inveta (ile inayosawazisha umeme wake kwa elektroniki), na siruhusu mtu aondoke kabla hatujaijaribu hapa na betri iliyoshuka.

Sasa kelele, ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Jenereta ya kawaida lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika ili ishike hezi 50, hata ukiwasha taa moja. Ya inveta hupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo. Lakini desibeli zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi zimepimwa umbali wa mita 7, mzigo ukiwa robo. Ukiiwekea chaja ya ampea 40 itapandisha sauti, usishangae.

Dawa ni umbali. Mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili, kelele inashuka desibeli 6 hivi: toka mita 7 hadi 28 umepunguza 12. Waya mrefu uwe upande wa volti 230, chaja ikae jirani na betri. Mtu mmoja alivuta mita 20 za waya wa milimita 6 za mraba upande wa volti 12. Kwa ampea 40 waya huo unakula zaidi ya volti 4, betri itajazwa na nini? Jenereta iweke upande upepo unakoelekea, kamwe si chini ya hema, kwa sababu monoksidi ya kaboni haina harufu nawe umelala.

Washa asubuhi, kwa muda wa saa mbili hivi. Betri zikifika asilimia 80 zinaanza kukataa ampea. Hapo zima, na kama una paneli ya sola, imalizie mchana kutwa.