Kuchora glasi ya chai kwa rangi za maji

Wengi wakishika rangi za maji hukimbilia jahazi na machweo. Anza na glasi ya chai ya rangi barazani, saa mbili asubuhi, jua likiwa bado chini. Itazame vizuri: kivuli chake si cheusi. Ndani yake kuna doa la rangi ya chungwa linalowaka, kwa sababu mwanga umepita kwenye chai ukakusanyika sakafuni. Doa hilo ndilo picha. Ukilikosa, umechora chombo tu.

Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na ukiweza ya pamba tupu. Nyepesi kuliko 200 hujikunja ikilowa, rangi ikatuama mabondeni. Brashi ya duara namba 8 yenye ncha nzuri inatosha. Rangi ni tatu: njano inayopitisha mwanga, siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu) na bluu ya ultramarini. Nyeusi ya nini? Siena na ultramarini zikichanganywa zinatoa kijivu, cha moto ukizidisha siena, cha baridi ukizidisha ultramarini.

Chora mistari kwa penseli bila kukandamiza. Weupe wote ni karatasi yenyewe, kwa hiyo amua mapema mng'ao wa ukingo wa glasi uko wapi, usiuguse. Paka njano nyepesi kwenye chai na kwenye doa la kivulini kwa mkupuo mmoja, ziwe ndugu. Ikikauka, ongeza siena kwenye chai, nzito kuliko unavyodhani inatakiwa, maana ikikauka hupauka. Kivuli kije mwisho, kwa kijivu kile, kikizunguka doa. Karibu na glasi ukingo wake ni mkali; kwa mbali ulainishe kwa brashi safi yenye unyevu.

Hapo ndipo wengi huharibu. Rangi ikiwa imeanza kukauka, ukirudisha brashi yenye maji mengi, maji yanasukuma chembe za rangi pembeni na kuacha baka lenye kingo za mikunjo kama koliflawa. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole: ikiwa ya baridi, bado mbichi, iache. Kwa joto lenye unyevu la Dar au Unguja, subira ni ndefu kuliko Nairobi au Arusha.

Mimi napendelea chai iliyonywewa nusu. Juu ya usawa wake hubaki mstari mwembamba wa kahawia, upakwe kwa brashi karibu kavu, na mnywaji anaonekana bila kuchorwa.

Ukimaliza, acha kisanduku cha rangi wazi hadi rangi zikauke, la sivyo huota ukungu. Karatasi zifungie kwenye mfuko wa plastiki: pwani unyevu hula gundi yake ya juu, na karatasi iliyopoteza gundi hunyonya rangi kama tishu, ikabaki na madoa usiyoweza kuyafuta.